Kikombe kimoja alfajiri

Leo nimeamka saa kumi na moja, nikanywa kikombe kizima cha maji kabla ya kutawadha. Karibu mwaka mzima nimekuwa nikiyaogopa maji.

Woga ulianzia kwenye basi la kutoka Arua kwenda Kampala. Tulikuwa tumevuka Pakwach mkojo uliponibana, ule usiosubiri hata dakika. Kondakta akasema hapa ndovu huvuka barabara, hatusimami. Sikuweza. Nilijifunga kitenge juu ya gauni lililolowa, nikageukia dirishani, na sikuzungumza na mtu hadi Kampala.

Basi nikaacha kunywa. Glasi moja asubuhi, nusu jioni. Mkojo ukawa rangi ya chai na ukaanza kuchoma, choo kikafunga siku tano, kisha homa. Miguu ikawa mizito hadi nikashindwa kushuka kitandani. Nikajua ni ile MS, multipo sklerosisi yangu, ugonjwa wa neva, imerudi kwa nguvu. Kumbe ni maambukizi ya njia ya mkojo. Homa peke yake huweza kuzifanya neva zilizokwisha kuumia zilegee zaidi.

Muuguzi aliniambia, "Dada, nenda ukakojoe umalize, halafu urudi." Nikaenda, nikamaliza. Akanipaka ile jeli baridi chini ya kitovu, akanigeuzia kioo cha mashine: mililita 280 zilikuwa bado mle ndani. Nilikuwa nakwenda chooni mara kumi na tano kwa siku, na kibofu hakijawahi kuwa kitupu! Akanieleza kwamba MS hula utando unaofunika neva, hata ujumbe unaopita kwenye uti wa mgongo ukafika umevurugika. Kibofu kinakaza, mlango nao unajifunga wakati huohuo. Ndiyo maana hakuanza na vidonge vya kutuliza kibofu. Oksibutinini, kwa mfano, huweza kuzidisha mkojo unaobaki na kukausha choo pia.

Akanifundisha kujiwekea mwenyewe mpira wa kutolea mkojo, mara nne kwa siku, mikono imeoshwa vizuri. Wiki ya kwanza nilihitaji kioo, na nililia sana.

Choo nacho kina saa yake sasa. Nusu saa baada ya chai ya asubuhi, utumbo ukiwa umeamka, nakaa miguu ikiwa juu ya kigoda. Papai, mboga ya dodo, maharage, na maji. Choo kikijaa hukisukuma kibofu. Sikuwahi kufikiri kwamba hivi viwili vinabanana hivyo.

Lililoniumiza kuliko yote ni swala. Nilijiona najisi, nikaacha kwenda msikitini, nikidanganya kuwa ni miguu. Mwishowe nilimwambia shangazi, anayefundisha wanawake madrasa. Alinishika mkono kwanza. "Mwanangu, wewe una udhuru. Wakati ukiingia, jisafishe, jifunge vizuri, tawadha, uswali. Kitakachotoka bila hiari yako hakikuvunjii swala. Ikiingia nyingine, tawadha tena." Miezi yote ile, na jibu lilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Jumanne nina kliniki Kampala. Shangazi amesema tutapanda wote, tukae karibu na mlango, na yeye ndiye atakayezungumza na kondakta kabla hatujafika Pakwach. Begi liko tayari: mipira, sabuni, vitenge viwili, chupa ya maji ya lita moja.