Mahali Mama alipoanika kahawa

Desemba ya 2012 tulipanda Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kula Krismasi, kama kila mwaka. Usiku wa mkesha, baada ya ibada, nilimkuta binti wa kaka yangu mkubwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, daftari amelisogeza hadi kwenye ulimi wa koroboi, anakokotoa hesabu. Alipoinua uso na kuniambia "Shikamoo shangazi", niliona mistari miwili myeusi chini ya pua yake. Nikamfuta kwa ncha ya kanga. Yale masizi hayakufutika, yalisambaa tu shavuni.

Mtoto yule aliishi na Mama, bibi yake, kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani. Mwaka uliofuata alikuwa anaingia darasa la saba, na mtihani ni Septemba. Nguzo za umeme zilikuwa zimeishia barabarani, karibu na kanisa. Kutoka pale hadi kwetu ni mteremko wa migomba, mfongo mmoja wa kuvuka, yaani mfereji wa kumwagilia, kisha nyumba. Kila mwaka tuliambiwa nguzo zinakuja.

Kesho yake, saa sita mchana, nilisimama uani na mdogo wangu wa kiume. Jua lilikuwa limemwagika kwenye bati la mbele, lile linalotazama chini kuelekea Moshi mjini, mpaka ukilitazama macho yanauma.

"Hapa, dada," akasema. "Sola inakaa hapa. Jua lote hili linapotea bure."

Nikakubali. Mimi nafundisha fizikia sekondari, Arusha, na yeye ni seremala mwenye mkono mzuri. Tuliona hatuhitaji fundi. Tukapima bati kwa futi kamba, tukaandika vipimo nyuma ya kadi ya Krismasi, tukaagana.

Kuchangishana ndugu kulichukua miezi saba. Wengine walitoa kwa mafungu, wengine walikumbushwa hadi wakatuma. Mwishoni mwa Julai 2013 tulikutana Moshi mjini, tukanunua paneli ya wati 100, betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, chaji kontrola ya ampea 10 (kifaa kinachosimamia umeme unaoingia na kutoka kwenye betri), taa nne za LED za wati tano tano zinazowaka kwa volti 12 moja kwa moja, fyuzi na swichi. Waya hatukununua. Mdogo wangu alikuwa na roli lililobaki kwenye nyumba aliyoifanyia kazi.

Hesabu nilikuwa nimeipiga kwa makini. Taa nne zikiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku zinakula wati-saa 100. Redio ya Mama na kuchaji simu tatu, weka 80. Jumla 180 kwa siku. Betri ikijaa ina wati-saa 1,200, yaani volti 12 mara ampea-saa 100, lakini betri za risasi na asidi kama ile ukizizoesha kushuka chini ya nusu zinazeeka haraka, kwa hiyo nikajipa 600 tu. Hizo ni siku tatu za wingu tupu bila kulala gizani. Niliziamini zile tarakimu kama ninavyoziamini darasani.

Betri ile ilikuwa na uzito wa karibu kilo 30. Kwenye Hiace ilisafiri miguuni pangu, na kondakta alitaka nauli yake. Tuliposhuka, mdogo wangu aliibeba begani akitangulia kwenye njia ya migombani, nami nikamfuata na paneli nimeikumbatia kama mtoto mchanga, nikiogopa kila jani. Kwenye mfongo alipita juu ya gogo bila kusimama. Moyo wangu ulitulia tu alipoitua sebuleni, chini ya meza, juu ya ubao.

Kufunga kulituchukua siku nzima. Paneli tuliipigilia kwenye bati la mbele kama tulivyopanga Krismasi. Kontrola tuliifunga ukutani. Nilisimamia utaratibu nisiotaka ukosewe: kwanza betri kwenye kontrola, ili kontrola ijue inafanya kazi na volti ngapi, halafu paneli, mwisho taa. Fyuzi tuliiweka kwenye waya chanya, jirani kabisa na betri. Pamoja na uangalifu wote, spana ilimteleza mdogo wangu ikagusa vichwa vyote viwili vya betri. Cheche ilikuwa nyeupe kama ya kuchomelea. Spana ilibaki na kidonda ambacho kipo hadi leo, na tangu siku hiyo anafunga mpini wa spana kwa utepe wa nailoni wenye gundi kabla hajasogelea betri yoyote.

Saa moja jioni Mama akabonyeza swichi mwenyewe. Hakusema kitu. Alitazama juu, akatazama kuta, kisha akachukua ufagio akaanza kufagia utando wa buibui kwenye pembe ambazo koroboi haikuwahi kuzifikia.

Nilirudi Arusha na furaha kubwa. Siku ya tano simu ikalia. "Shangazi, taa zimezima. Kile kidude ukutani kinawaka nyekundu."

Jumamosi nilikuwa Kibosho kabla ya saa nne, na testa, kile kipimo cha umeme, kwenye mkoba. Betri ilisoma volti 11.6. Betri ya namna ile ikiwa imejaa na kutulia husoma kama 12.7, na 12.2 ni nusu. 11.6 ni betri iliyokaushwa. Kontrola ilikuwa imefanya kazi yake, imekata taa ili kuinusuru. Basi tatizo halikuwa kutumia, lilikuwa kuingiza. Kile tulichokula kwa siku tano hakikurudishwa.

Wale waliokaa Kibosho Julai na Agosti wanajua. Asubuhi wingu linashuka hadi migombani, kuna manyunyu, kilele cha Kibo hukioni, na watu wanatembea na masweta. Nikadhani ni wingu tu. Tukangoja. Kwenye saa sita wingu likapasuka, jua likatoka, kali na safi. Tukapanda na mdogo wangu juu ya bati, nikachomoa waya za paneli na kuzipima kwa testa. Nilitarajia ampea tano na zaidi. Ikasoma 0.9.

Tuliangalia viungio, vizima. Tukafuta kioo, kisafi. Nikainama karibu kabisa, na hapo ndipo nikakiona: kivuli cha tawi la mparachichi kimelala kwenye kona ya paneli, si kikubwa, upana wa viganja viwili. Ndani ya paneli kuna vipande 36 vilivyounganishwa kimoja baada ya kingine, na umeme unapita vyote kwa foleni. Ni kama mfongo. Ukitupa jiwe na magome mahali pamoja, hata kama kwingine kote ni pasafi, maji yanayofika kwa jirani wa chini ni yale tu yaliyoweza kupenya pale. Na kwa kuwa bati la mbele limeinamia kusini, hata ile sehemu iliyopata jua ililipata kwa ubavu.

"Lakini Krismasi hapakuwa na kivuli hapa," mdogo wangu akasema. "Dada, tulisimama hapa wote."

Ni kweli, hapakuwa nacho. Mama alikuwa chini, nyuma ya nyumba, anageuza kahawa kwenye kichanja, mavuno ya kwanza, mbegu zimemenywa na kuoshwa, bado na ngozi yao nyeupe. Alisikia kelele zetu.

"Mnatafuta nini juu ya bati?"

"Jua, Mama."

"Jua la mwezi huu haliko huko." Hakuacha kugeuza kahawa. "Mwezi wa saba na wa nane mbele ya nyumba mimi sianiki kitu. Mparachichi unafunika mpaka alasiri. Naanika huku, nyuma ya zizi. Mbele nahamia kuelekea Krismasi."

Nilikaa pale juu, kwenye bati la moto, na testa mkononi. Nimefundisha jambo hilo kwa chaki mara nyingi. Kibosho iko kusini mwa ikweta kwa digrii tatu na kidogo. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita linapita kaskazini yetu, upande wa mlima, na mwishoni mwa Julai limeinama huko kwa digrii zaidi ya 20. Mparachichi uko upande huohuo, kwa hiyo kivuli chake kinaangukia nyumba. Ikifika Oktoba jua linavuka kwenda kusini, na Desemba bati la mbele linalipata lote. Tulichagua mahali pa sola kwa jua la Desemba, tukaifunga kwa ajili ya Julai. Na mtu aliyekuwa akihamisha vichanja vyake kulifuata jua hilo tangu tukiwa wadogo alikuwa jikoni siku ile tunapima, anatupikia, na hakuna aliyemuuliza. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma nikilikumbuka.

Mdogo wangu alishuka akachukua panga. Mama akamsimamisha kwa sauti ya chini.

"Weka hilo panga, baba. Mti huu unaninunulia sukari na chumvi. Hiyo sola yenu bado haijaninunulia kitu."

Hakuna aliyebishana naye. Tuliing'oa paneli, tukaziba matundu ya misumari kwa lami, tukaipeleka kwenye paa la zizi, jirani na kichanja cha kahawa. Mdogo wangu alitengeneza fremu ya mbao yenye bawaba katikati na vishikizo viwili, ili paneli iweze kulala kidogo upande wa mlima au upande wa bondeni. Tukaigeuzia mlimani. Nikapima kabla ya kuunganisha: ampea 5.6. Nilimwonyesha Mama ile namba kwenye testa naye akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeonyeshwa kitu anachokijua.

Sasa kutoka zizini hadi sebuleni ni mita 18. Tulivuta ule waya wa roli, waya wa taa za nyumba, milimita 1.5 za mraba. Kontrola ikawaka kijani, wengine wakashangilia, lakini mimi sikuridhika. Nikapima volti penye paneli: 15.8. Nikakimbia ndani kupima kwenye kontrola: 13.4. Volti 2.4 zilikuwa zinapotea njiani, zinapasha moto waya badala ya kuingia kwenye betri. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo njia si mita 18, ni 36, na kwenye mfumo wa volti 12 upungufu kama huo ni mkubwa mno. Huwezi kuvuta waya mwembamba kwa sababu tu umeuona ukifaa kwenye nyumba yenye volti 230.

Mdogo wangu alipanda bodaboda kwenda mjini. Alirudi kwenye saa kumi na roli la waya wa milimita sita za mraba begani, mzito, ameulipia kwa pesa aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya msumeno mpya. Tulipoufunga, kilichopotea njiani hakikufika hata nusu volti. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoka, lakini betri ilikuwa inanyonya.

Nilimwomba Mama kitu kimoja: siku tatu wawashe taa moja tu, ya mtoto, mpaka betri ijae. Walifanya hivyo. Asubuhi ya nne mtoto alinipigia kabla ya kwenda shule kunisomea testa niliyomwachia. "Kumi na mbili nukta sita, shangazi." Nilikuwa nasubiri usafiri, na abiria wenzangu walinitazama nilivyopiga makofi peke yangu.

Septemba alifanya mtihani wake, akafaulu. Siwezi kusema ni taa iliyomfaulisha, maana alikuwa mtoto wa kujituma hata kwa koroboi. Ila sikumkuta tena na masizi puani.

Krismasi ile tulipanda tena nyumbani. Nilifika jioni, na kabla sijaweka begi chini nilikwenda zizini, kwa sababu njia nzima kutoka Arusha nilikuwa nawaza kwamba jua limeshavuka, na paneli bado inatazama mlimani, na nilisahau kabisa kupiga simu ili wamwombe jirani mwenye ngazi. Nikaikuta imelala upande wa bondeni. Kishikizo kimefungwa, na juu yake kuna kamba ya mgomba imezungushwa mara mbili kwa uimara.

"Mama, nani aligeuza sola?"

"Si mjukuu wangu alipanda," akasema. "Mwezi wa kumi nilipoona kivuli cha nyumba kimegeuka nikamwambia, panda ukaigeuze na hiyo." Akanipokea begi. "Karibu ndani, chai imeshaiva."