Jinsi nilivyoliuza gari la baba mdogo lililotunzwa kupita kiasi

Baba mdogo, mstaafu anayeishi Tukuyu, alinunua Toyota Hilux ya kabini moja, yenye injini ya dizeli ya aina iitwayo 5L, akiwa ameshaamua kwamba siku moja ataiuza kwa bei nzuri, na uamuzi huo ndio uliotawala kila alichoifanyia. Nailoni za viti hazikutolewa kamwe. Bodi ya nyuma haikubeba hata mkungu mmoja wa ndizi, na hii ni Rungwe, ambako pikapu isiyonuka ndizi humtia mtu mashaka. Muda mwingi gari lilikaa uani, limefunikwa turubai.

Aliponikabidhi kazi ya kulitafutia mnunuzi Mbeya mjini, nilianza kwa fundi wa Mwanjelwa kabla ya kumwita dalali yeyote, kwa sababu dalali huangalia rangi, ilhali mnunuzi wa pikapu, ambaye aghalabu anataka gari la kubebea viazi kutoka Isyonje, huja na fundi wake, naye huanzia uvunguni.

Uvunguni ndiko kulikokuwa na balaa. Sehemu nyingi za Rungwe hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na turubai lililozuia matone ya juu lilifungia ndani unyevu uliopanda kutoka ardhini, hivyo kutu ilikuwa imeshika maungio ya chesisi na sehemu za chini za milango. Breki za nyuma zilikuwa zimeganda kwenye ngoma zake. Tairi zilikuwa na meno yote, lakini tarakimu nne zilizochapwa ubavuni, ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, zilionyesha umri wake, na mpira ulikwisha kupasuka nyufa ndogondogo. Tena kuna mtu alimshauri apake oili chafu chini ya gari ili kuzuia kutu, nayo ikazivimbisha bushi za mpira. Oili ya injini yenyewe haikubadilishwa kwa miaka, eti kilomita hazijatimia, wakati oili huzeeka hata gari likiwa limesimama.

Sikupaka rangi. Fundi yeyote mwerevu akiona chesisi inang'aa weusi mpya hushika bisibisi na kuanza kuigonga, kwa hiyo tulikwangua kutu, tukapaka dawa ya kuizuia, tukaacha kazi ionekane ilivyo. Tulibadilisha oili, filta, maji ya breki, bushi na mkanda wa taimingi, ambao kwa injini hizo hubadilishwa kila kilomita 100,000 lakini nao huchakaa kwa umri, na kila risiti niliihifadhi. Kisha nikampa binamu yangu gari lile apeleke ndizi sokoni Mwanjelwa, kwa kuwa nilitaka ule mlima wa kutoka Kiwira uniambie kilichobaki kibovu kabla mnunuzi hajakigundua.

"Mwanangu, unaniharibia gari," baba mdogo alilalamika alipoona mikwaruzo ya kwanza kwenye bodi.

"Baba, huyu tunayemtafuta atalipakia viazi siku hiyohiyo," nilimjibu. Hakuridhika, ila hakulirudisha uani.

Mnunuzi alipatikana, mfanyabiashara wa Uyole. Fundi wake alipitia risiti moja baada ya nyingine, akalijaribu gari likiwa na mzigo, na punguzo aliloliomba lilihusu tairi tu, jambo ambalo nilikuwa nimeshaliweka kwenye hesabu yangu. Kuhusu kilomita chache zilizosomeka kwenye dashibodi, ambazo baba mdogo alizilinda kuliko kitu kingine chochote, fundi huyo alicheka tu: mita za kurudishwa nyuma zimejaa sokoni, na bila kumbukumbu za matengenezo ya miaka ile hakuwa na sababu ya kuziamini. Tuliandikishana mkataba, tukakabidhi kadi halisi ya gari kwa ajili ya kubadilisha umiliki Mamlaka ya Mapato (TRA), na zile kilomita hazikuongeza hata shilingi moja kwenye bei.