Sukari ya asubuhi ya Mama ilikuwa nzuri, kipimo cha miezi mitatu kikasema mengine

Mama yangu yuko Nachingwea, ana kisukari aina ya pili, na kila akienda kliniki asubuhi akiwa hajala, sukari inasoma 6 na pointi, anasifiwa, anarudi nyumbani. Lakini nyayo zinamuwaka moto na usiku haachi kuamka kukojoa, mi nikawa sielewi kabisa. Nikamleta kwangu Mtwara, daktari akasema tupime HbA1c, kile cha miezi mitatu.

Alituelezea vizuri sana. Sukari ya kwenye damu inaganda kwenye hemoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, na haibanduki, ikizidi inaganda zaidi, chembe yenyewe inaishi kama siku 120, kwahiyo hata kama jana yake umekula kidogo, kipimo kinaonyesha hali ya miezi miwili mitatu nyuma. Wala haufungi, Mama alishakunywa chai yake. Ila kwanza aliuliza kama ana upungufu wa damu au selimundu maana vinaweza kupotosha majibu, na nyie mkienda semeni hata msipoulizwa, ni muhimu jamani.

Majibu asilimia 8.4. Wengi wanalengwa wawe chini ya 7.

Dawa hakubadili, alitaka tujue kwanza sukari inapanda saa ngapi. Sasa stripu za mashine ya kupimia sukari nyumbani bei yake mnaijua, kuzimalizia asubuhi ambako tayari tunajua ni nzuri nikaona hasara, ndo nikapanga apimwe masaa mawili baada ya kula, leo ugali wa muhogo, siku nyingine wali, siku nyingine ming'oko, dada anaandika kwenye daftari alafu ananitumia picha wasapu. Ugali wa usiku na chai ya sukari juu yake, mashine inasoma 14! Mama alivyoona mwenyewe akasema, "Kumbe ni tonge hili la usiku, mwanangu."

Hatukumnyima. Ugali umepungua, kisamvu na samaki vimeongezeka, chai haina sukari, na akishakula anatembea kidogo hadi kwa jirani.

Tuliporudia kipimo, 7.3! Nilifurahi mno. Daktari akasema kwa umri wake inatosha, tukilazimisha na vidonge zaidi sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka. Nyayo bado zinawaka kiasi, ila usiku analala.

Kipimo kijacho kitaangukia msimu wa korosho na Mama mabibo anayapenda, kwahiyo nimeshamwambia dada atunze stripu za wakati huo.