Gauni la Rococo: mgongo umekaa, sasa naingia kwenye mapambo

Mgongo umekaa jamani! Yale marinda makubwa yanayoanzia shingoni na kumwagika mpaka chini yamekubali kuanguka vile nilivyokuwa nayaota, na gauni liko kwenye dami, ile sanamu ya kuvalisha nguo, hapa sebuleni, kila nikipita naligeuza niangalie nyuma.

Kwa ambao ndo mnaingia sasa: nashona robe à la française, gauni walilovaa wanawake wenye uwezo Ufaransa enzi za mfalme Louis XV, karne ya 18, wakati mtindo wa mapambo mengi unaoitwa Rococo ulipotamba. Upande wa mbele nafuata ile picha ya Madame de Pompadour, kipenzi cha mfalme huyo, aliyochora François Boucher mwaka 1756, ambayo iko makumbusho ya Alte Pinakothek, Munich. Kakaa na kitabu mkononi, pembeni kuna kimeza cha kuandikia droo yake iko wazi na kalamu ya unyoya imechomekwa, na ukiangalia kioo cha nyuma unaona kabati la vitabu. Gauni la kijani, maua ya waridi kila mahali, kifuani mapinde ya utepe wa pinki yamepangana kutoka juu kwenda chini. Naipenda sana picha hii, yaani mama anaonyesha uzuri wa nguo na anaonyesha pia kwamba anasoma.

Ila Boucher mgongo hakuuchora, kwa hiyo nyuma nimemfuata Watteau, mchoraji mwingine wa Ufaransa, kwenye ile picha yake ya duka la michoro, L'Enseigne de Gersaint ya 1720 hivi, iko kasri la Charlottenburg, Berlin. Pale kuna mwanamke katupa mgongo, anaingia dukani, gauni la pinki linang'aa na marinda yote unayaona. Ni ya zamani kidogo kuliko Boucher na gauni limelegea zaidi, lakini kwa kuelewa kitambaa kinavyoanguka hakuna mwalimu kama ile picha.

Sasa kitu kikubwa ambacho gauni hili limenifundisha, na ndo sababu nalitetea kila siku kwa watu wanaosema ni mbwembwe tu: enzi zile kitambaa kilikuwa ghali kuliko fundi. Hariri ya Lyon ilifumwa kwa mkono, upana wake karibu nusu mita tu, sasa nani atakuwa na roho ya kuikata vipande vipande? Hawakati, wanakunja. Wanaunganisha mapana ya kitambaa, wanayakunja mgongoni, wanashona marinda sehemu ndogo pale juu halafu wanaliachia lote. Mitindo ikibadilika unafumua unashona lingine, na magauni mengi yaliyobaki makumbusho yana alama za kufumuliwa na kushonwa upya. Mimi napenda akili hiyo kuliko hata maua.

Na siri nyingine iko ndani. Kwa nje unaona nguo imejiachia, lakini chini ya marinda kuna bitana ya kitani imebana mwili na nyuma ina kamba za kukaza na kulegeza. Bitana yangu ni ya amerikani nzito, nimetoboa matundu ya kamba kwa msumari nikayazungushia uzi kwa mkono. Marinda ni mawili ya boksi, kila moja limekunjwa mara mbili, nimeyapiga bandi kwanza, nikayapasi kwa kitambaa chenye maji, ndo nikayashona kwenye bitana kama sentimita 10 kutoka shingoni. Chini ya hapo hakuna sindano, kitambaa kiko huru. Yote kwa mkono, cherehani nimeifunika kabisa, mshono wa mkono una ulaini ambao kitambaa kinauhitaji.

Kitambaa chenyewe ni pamba ya maua, nimekitoa Kariakoo, na kina haki yake kihistoria. Pamba za maua kutoka India zilipendwa sana Ufaransa mpaka watengenezaji wa hariri na sufu wakalalamika, serikali ikazipiga marufuku mwaka 1686. Watu waliendelea kuzivaa hivyohivyo, hata wakubwa, na 1759 marufuku ikaondolewa. Mwaka uliofuata tu, mchapaji vitambaa Oberkampf akafungua kiwanda chake cha kuchapa pamba Jouy-en-Josas, karibu na Versailles. Kwa hiyo gauni langu ni kama la mtu aliyesubiri sheria ilegee, au hakusubiri.

Fremu za nyonga, zile za kutanua sketi pembeni, zimeisha pia. Nimetumia henzerani niliyonunua kwa wasuka viti, nimeiloweka, nikaikunja ikiwa laini, inapita ndani ya mifereji niliyoshona kwenye kitambaa, upande huu na upande huu. Juu yake linakuja gagulo, halafu gauni lenyewe. Shimizi na koseti viko chini ya vyote, vilishakamilika zamani. Nikivaa fremu napita mlangoni kwa ubavu, na kiti cha mikono ya kawaida hakinipokei. Ukiangalia viti vya wakati ule utaona mikono haianzi mbele kabisa, imerudishwa nyuma ili sketi ipate pa kutandazika, na ile miguu na mgongo wa kujipinda vinaendana na nguo kabisa. Fundi wa kiti na fundi wa gauni walikuwa wanamshonea mtu mmoja!

Kilichobaki ni mapambo. Zile riboni za kitambaa zenye ukingo wa mawimbi zilikatwa kwa patasi maalumu, unaweka kitambaa juu ya ubao unapiga nyundo. Fundi chuma wa mtaani kwetu amenitengenezea moja kwa kipande cha bomba, amelinoa vizuri sana. Hariri ya taffeta inakatika hapo bila kuchanuka, pamba inachanuka haraka, kwa hiyo naipaka wanga mzito, naipasi ikauke, ndo nakata. Nimejaribu kipande kama kiganja, mawimbi yametoka safi na nyuzi zimetulia.

Baada ya hapo mikono: inaishia kwenye kiwiko, halafu zinaning'inia lesi za tabaka tabaka, fupi upande wa mbele na ndefu upande wa nyuma. Lesi ya pamba ya upana ninaoutaka bado naitafuta, za nailoni zimejaa lakini haziangukii vizuri. Mwenye kujua duka aniambie.