Mashine ya Mjomba

Mwanzoni mwa Aprili 2014, kwenye steshenari ya mjomba pale Chikongola, Mtwara, tulikuwa tunahesabu siku. Tarehe 8 Microsoft ilikuwa inaacha kuihudumia Windows XP, na kompyuta yetu pekee ilikuwa ThinkPad T40, mashine ya mwaka 2003 yenye kumbukumbu ya MB 512, ikiendeshwa na XP hiyohiyo. Virusi vilikuwa vimeshatuchosha. Mwalimu analeta flashi yenye mitihani, akiifungua hakuti mitihani. Fundi mmoja alikuja, akaitazama, akasema itupwe, inunuliwe nyingine.

Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye sauti. Lakini jioni ile, fundi alipoondoka, alinigeukia mimi.

"Mpwa wangu, kweli haifai tena?"

"Nipe siku mbili, mjomba."

Lubuntu nilikuwa naijua. Ulikuwa mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ndugu mwepesi wa Ubuntu, uliojengwa kwa ajili ya mashine zisizo na nguvu nyingi. Kikwazo kilikuwa kimoja. Tangu toleo la 12.10, kiini cha mfumo kilikuwa kinadai prosesa iwe na PAE, uwezo unaoiruhusu prosesa ya biti 32 kufikia kumbukumbu inayozidi GB 4. Sisi tulikuwa na MB 512, tena kwa taabu, lakini sharti ni sharti. Toleo la 12.04, la mwisho kutokuwa na sharti hilo, lilikuwa limeshaachwa bila huduma. Nilishawahi kujaribu jipya nikaishia kwenye maandishi meupe kwenye kioo cheusi: prosesa haina PAE, haiwezekani kuwaka.

Kumbe inayo. Prosesa za Pentium M za kizazi cha kwanza zina PAE, ila zikiulizwa hazijitaji kuwa nayo. Watu waliokuwa wanalijaribu toleo la 14.04 kabla halijatoka walikuwa wameligundua hilo, na kwenye toleo la majaribio la mwishoni mwa Machi likawekwa neno moja la kuuambia mfumo usiulize: forcepae. Niliposoma habari hiyo sikulala.

Nilipakua kwa bando la usiku, modemu nikiwa nimeining'iniza dirishani kwa uzi ili ishike mtandao. Usiku wa kwanza ulikatika katikati. Wa pili nikaendeleza nilipoishia, alfajiri nikalinganisha alama za faili na zile zilizotolewa na watengenezaji, kuhakikisha halikuharibika njiani, zikafanana herufi kwa herufi. Nikachoma DVD kwa jirani.

Betri ya T40 ilikuwa imekufa siku nyingi, na soketi ya ukutani ilikuwa imelegea. Mjomba alikunja kipande cha boksi, akakipachika chini ya plagi, halafu akakaa palepale kwenye kigoda akiibana kwa kidole gumba. Pembeni yake sahani ya ming'oko ya kuchemsha, chumvi na pilipili juu. Hakula. Nje mvua ya masika ilikuwa inapiga bati, na wote wawili tulikuwa tunaiwaza TANESCO bila kuitaja.

Nikabonyeza F6, nikaandika forcepae, vistari viwili, forcepae tena, ili neno libaki hata baada ya kusimika. Nikabonyeza Enter.

Kioo kikawa cheusi. Sijui kilikaa hivyo muda gani. Nakumbuka DVD ikizunguka, ikinyamaza, ikizunguka. Kisha likaonekana onyo kwamba PAE imelazimishwa, na mistari ikaendelea kushuka. Ikaja rangi ya bluu. Ikaja menyu chini kushoto.

"Imewaka?" mjomba aliuliza, kidole bado kwenye plagi.

"Imewaka, mjomba."

Tulisimika usiku uleule. Mafaili ya wateja nilikuwa nimeshayahamishia kwenye diski ya nje. Baada ya kuwasha upya nikapima: mfumo mtupu ulikuwa unatumia chini ya MB 200. Lakini alama ya mtandao haikuwepo kwenye upau. Modemu imechomekwa, taa inawaka, pa kubonyeza hapapo. Nikafungua dirisha la amri, nikaandika nm-applet, jina la programu inayoonyesha alama hiyo, ikajitokeza papo hapo. Nikazima, nikawasha, imepotea tena. Kwa hiyo kasoro ilikuwa kwenye kuanza, si kwenye modemu.

Nikaandika taarifa kwa watengenezaji: aina ya mashine, prosesa, kumbukumbu, nilichofanya, nilichokiona. Niliandika taratibu, kwa Kiingereza changu cha shule, nikahakikisha kila hatua inaweza kurudiwa na mtu asiyenifahamu. Nilitaka wajue kwamba mashine kama hii bado inafanya kazi, tena Mtwara, na inalisha nyumba. Toleo kamili lilipotoka tarehe 17 Aprili, alama ile bado haikuonekana kwetu, nikaiweka mwenyewe kwenye orodha ya programu zinazoanza na mfumo.

Asubuhi ile ya kwanza baada ya kusimika alikuja dada mmoja, nguo zimelowa, anataka barua ya maombi ya kazi. Mjomba hakuniita. Alifungua AbiWord, programu ya kuandikia, akachapa kwa vidole vyake viwili, akatuma kwenye printa, akainamisha sikio kuisikiliza. Karatasi ilipotoka aliishika kwa mikono miwili, akaisoma yote kwa sauti, kuanzia anwani mpaka "wako mtiifu".