Njia ya maili 2,190, nami naanza na 41

Mwezi wa tatu nilimpigia mama simu kumwambia kwamba vuli hii nitatembea kwa miguu siku tano, nikilikata jimbo la Maryland, hapa Marekani, kwa njia ya milimani. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja: "Utalala kwa nani?"

Hakuuliza ni mbali kiasi gani wala kama kuna wanyama. Kwake mtu hasafiri bila mwenyeji upande wa pili. Nikamweleza kuwa njiani kuna vibanda, vina paa na kuta tatu, mbele wazi, na anayewahi ndiye anayelala. Akauliza mwenye vibanda ni nani. Ilibidi nimsimulie habari yote.

Njia yenyewe ni Appalachian Trail. Inaanzia Springer Mountain kule Georgia na kuishia juu ya mlima Katahdin, Maine. Inapita majimbo 14, zaidi ya maili 2,190, yaani kama kilomita 3,500. Wazo lake lilitolewa mwaka 1921 na mtaalamu wa misitu, Benton MacKaye, na mwaka 1937 vipande vyote vikawa vimeunganishwa. Hadi leo sehemu kubwa ya kazi ya kuitunza inafanywa na watu wa kujitolea. Wanakata miti iliyoangukia njia, wanajenga vibanda, wanapaka rangi zile alama nyeupe kwenye miti, upana wa sentimita 5 na urefu wa 15, zinazokuambia kuwa hujapotea. Mama aliposikia hayo akasema, "Basi hao ndio wenyeji wako. Uwaachie pasafi."

Wanaoitembea yote kwa mpigo mmoja hutumia miezi mitano hadi saba. Mimi nafanya kazi ya shifti katika nyumba ya kutunzia wazee, likizo yangu ni siku kumi kwa mwaka, na kuna ada za shule za wadogo zangu zinazonisubiri kila muhula. Kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za njia hii niliona ni ya watu wengine. Kilichonigeuza ni kugundua kuwa wapo wengi wanaoitembea kwa vipande, mwaka huu wiki moja, mwaka ujao nyingine, wengine kwa miaka ishirini. Wakimaliza, Appalachian Trail Conservancy, chama kinachoisimamia njia kutoka mji wa Harpers Ferry, huwatambua sawa kabisa na waliotembea kwa mkupuo.

Halafu nikakutana na habari za Emma Gatewood. Mwaka 1955, akiwa na miaka 67 na watoto 11 aliokwisha kuwalea, aliitembea yote peke yake, miguuni raba za kitambaa, begani mfuko aliojishonea mwenyewe. Mwaka 1957 akarudia. Mara ya tatu aliimaliza mwaka 1964, na hiyo ya tatu aliifanya kwa vipande. Mama alinirudisha mara mbili kwenye idadi ya watoto kabla hajaamini. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena kwa nini naenda.

Nimechagua Maryland kwa sababu ni karibu na ninapoishi na kwa sababu ni kipande kinachomfaa anayeanza. Ni maili 41, kama kilomita 66, kutoka daraja la waenda kwa miguu la Harpers Ferry hadi Pen Mar mpakani mwa Pennsylvania, na sehemu kubwa ni mgongo wa South Mountain, ambao haupandi na kushuka sana. Nimezigawa siku zangu kwa vibanda: Ed Garvey, Rocky Run, Pine Knob, Ensign Cowall. Hakuna siku inayozidi maili 10. Rafiki mmoja aliniambia naweza kumaliza kwa siku tatu. Naweza, pengine, lakini nataka kufika kibandani jua lingalipo, nichote maji nikiwa naona ninapokanyaga. Pale Ed Garvey chemchemi iko chini kabisa bondeni, na ukishachota unapanda tena na ndoo yako ya plastiki mkononi.

Sasa mzigo. Sisi tulioingia nchi hii na masanduku mawili ya kilo 23, yaliyopimwa na kupimwa tena usiku kucha kabla ya ndege, tunajua kujaza. Kupunguza hatukufundishwa. Mara ya kwanza nilipopakia begi la mgongoni nikasimama nalo kwenye mizani, nikatoa uzito wangu, nikapata kilo 19. Wazoefu wanashauri mzigo usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wako, na mimi nina kilo 68. Nikamwaga kila kitu sebuleni, nikakipima kimoja kimoja kwa mizani ya jikoni na kukiandika. Suruali ya jinzi peke yake ilikuwa gramu 700, na ikilowa haikauki siku nzima. Ikatoka. Chupa kubwa ya mafuta ya kujipaka ikatoka, nikajaza kikopo kidogo. Taulo likatoka. Hema la kuazima la watu watatu nikalirudisha kwa shukrani, nikatafuta la mtu mmoja lililotumika. Leo begi lina kilo 13 pamoja na chakula cha siku tano na lita mbili za maji.

Leso, yaani kanga, nimeibakiza. Najua wanavyosema, kwamba pamba ni adui wa mtembeaji, na kwa nguo za kuvaa mwilini nakubaliana nao. Lakini leso yangu ina gramu 210, ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, na usiku nikiikunja juu ya sweta ni mto. Sijaona kitu cha dukani kinachofanya kazi hizo zote kwa uzito huo.

Jambo ninalotaka kusisitiza kuliko yote ni miguu. Mwezi wa nne nilitoka kwa jaribio la kilomita 14 nikiwa na viatu vipya na soksi za pamba. Kwenye kilomita ya tisa nilisikia joto kisigino cha kushoto. Nikasema nitaangalia nikifika juu. Nilipofika juu na kuvua soksi, lengelenge lilikuwa limeinuka kama nusu ya ndimu ndogo, na ngozi pembeni imekunjamana nyeupe. Nikarudi nikikanyagia vidole, mguu wa kulia ukabeba kazi ya miwili, goti likauma wiki nzima, na kazini kwangu ni kusimama kwa saa kumi na mbili. Siku hizi viatu nanunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na namba moja zaidi ya ile ninayovaa mjini. Soksi ni za sufu. Na nikisikia joto tu, hata kama nimebakiza hatua hamsini, nakaa chini, navua, nabandika plasta.

Mazoezi nimefanyia kwenye ngazi za jengo ninaloishi. Nakaa ghorofa ya nne. Nikitoka shifti napanda na kushuka mara nane, begi limejaa chupa za maji. Goti likianza kulalamika namwaga maji juu na kushuka na begi jepesi, maana kinachoumiza magoti ni kushuka, kupanda kunachosha pumzi tu.

Usiku wa majaribio nao ulinifunza. Mfuko wangu wa kulalia umeandikwa nyuzi 0, na usiku ule haukushuka chini ya 6, lakini nilitetemeka hadi alfajiri. Kumbe ile namba mara nyingi ni kikomo cha chini, si kiwango cha kulala vizuri. Tena baridi yenyewe haikutoka juu, ilitoka ardhini, kwa kuwa nilitandika kimkeka chembamba. Nimebadilisha mkeka kwanza: godoro la kupuliza lililokingwa baridi kwa ndani. Mfuko ni ule ule, na jaribio la pili nililala.

Mengine ni ya kawaida ila usiyaache. Dubu weusi wapo, hivyo chakula, dawa ya meno na chochote chenye harufu vinatundikwa mbali na mahali pa kulala. Nilitamani kubeba dagaa, nikaona harufu yake itabaki begini safari nzima. Nimechukua unga wa uji, unaiva haraka na gesi haiishi. Kupe ni wa kuogopa zaidi ya dubu, kwa sababu ya ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo suruali inaingizwa ndani ya soksi na kila jioni unajikagua mwili mzima. Maji yote yanapita kwenye chujio, na usiku wa baridi kali chujio unalala nalo, likiganda limekwisha. Vuli ni msimu wa wawindaji, nimenunua kizibao cha rangi ya chungwa. Na haja kubwa ni shimo la sentimita 15 hadi 20, mbali na maji, unafukia.

Ratiba nimeiacha kwa jirani, na nakala nikamtumia mdogo wangu nyumbani. Jana nilipopiga simu, mama alikuwa ameshamwambia mdogo wangu aiandike ratiba nyuma ya kalenda. Akaanza kunisomea polepole, kwa matamshi yake: Jumatatu Edi Gavi, Jumanne Roki Rani. Alipofika Pine Knob akasita, akaniomba nilitamke tena, akalirudia mpaka likamkaa.

"Haya," akasema. "Kila usiku nitajua uko kwa nani."