Kidude cha kupima hewa, sehemu ya 3: namba za alfajiri

Haya wadau, kazi inaendelea. Kwa waliochelewa, kidude chenyewe ni sensa ya vumbi na moshi ya PMS5003 ya Plantower, ESP32 (kibodi kidogo chenye kompyuta na waifai), na BME280 ya joto na unyevu, vyote nimevipachika kwenye elbo za PVC mdomo ukiangalia chini mvua isiingie, na mdomoni nimeweka wavu wa dirisha manake mijusi ya Mbagala haina adabu. Umeme ni chaja ya simu ya kawaida tu.

Ndani kuna feni ndogo inavuta hewa, hewa inapita kwenye mwanga wa leza, chembe za moshi na vumbi zinautawanya ule mwanga na kuna kijicho pembeni kinaudaka, halafu chipu inakadiria PM2.5 (chembe ndogo zisizozidi mikromita 2.5) ni ngapi. Nasema inakadiria kwa sababu haipimi uzito wa kitu chochote pale. Inatoa furushi la data la baiti 32 kwa spidi ya biti 9600 kwa sekunde, kila furushi linaanza na baiti za alama 0x42 na 0x4D, ESP32 inasoma, inahakiki, inapiga wastani wa dakika mbili alafu inarusha kwa waifai kwenda kwenye seva kwa MQTT (njia nyepesi ya kutuma data za vidude). Bando haliliwi kabisa. Neti ikikata data inajificha kwenye memori mpaka irudi. (Jirani mmoja bado anaamini kinarekodi maongezi yao, nimemfungulia akaangalia ndani, hajaridhika.)

Sasa grafu. Jioni inapanda, hiyo sio habari, majiko ya mkaa, chipsi, watu wanachoma taka. Iliyonikalisha ni ya alfajiri, kwenye saa kumi na moja mtaa mzima umelala na namba inapanda taratibu karibu iifikie ya jioni. Nikaweka mstari wa unyevu juu yake, vinapanda pamoja na jua likitoka vinashuka pamoja. Hapa Dar usiku unyevu unapita asilimia 80 kirahisi, na chembe za chumvi ya bahari na za moshi zinanyonya maji zinavimba kama maandazi kwenye mafuta, zikivimba zinatawanya mwanga zaidi na leza haina namna ya kujua kwamba hayo ni maji. Mashine kubwa za bei mbaya zinakausha hewa kwanza kabla ya kupima, hiki cha kwetu hakikaushi kitu.

Ila msikimbilie kusema yote ni maji. Alfajiri hewa imetulia, upepo hakuna, moshi wa jana unabaki umelala hapo chini, kwa hiyo sehemu ya ule mlima ni moshi wa kweli.

Wamarekani wa EPA (shirika lao la mazingira) wana fomula yao ya PurpleAir, vipima hewa vya kuuzwa ambavyo ndani vina hizi hizi Plantower: namba ghafi ya PM2.5 ambayo sensa inaiita CF=1 mara 0.524, toa asilimia ya unyevu mara 0.0862, jumlisha 5.75. Nimeiweka, mlima wa alfajiri umepungua, ila imetokana na hewa ya kwao sio ya mkaa na bahari, so natunza namba ghafi na iliyorekebishwa kila moja kwenye safu yake. Na BME280 ikae karibu na mdomo wa bomba, ukiiweka juu ya ESP32 inapata joto la bodi na unyevu unasomeka mdogo kuliko wa nje.

PM10 (chembe zote mpaka mikromita 10, hata za vumbi) siiamini hata kidogo, lori la mchanga linapita vumbi hilo na namba haishtuki, hizi sensa chembe kubwa hazizioni vizuri. Pia wale wa kupiga skrinshoti namba ya dakika moja na kusema tumevuka kikomo cha WHO, ile 15 (mikrogramu za PM2.5 kwa mita ya ujazo) ni wastani wa masaa 24 jamani, ya mwaka mzima ni 5.

Kinachofuata ni kidude cha pili, nakiweka ubavuni mwa hiki nione kama vinakubaliana. Mwenye kujua duka Kariakoo linalouza waya wa pini 8 wa sensa, wenye nafasi ya milimita 1.25 kati ya pini na pini, anicheki, sitaki tena kuchomelea vile vipini.